Timizeni, Sisi Wasafiri

Kuna mtu nilimjua kwa miaka kumi na tatu, na ukizijumlisha siku zote nilizokaa naye hazifiki miezi mitatu. Alikuja kwetu Mudhaibi, huku Omani, mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa kumi, joto likianza kulegea, alikuwa ametoka Nizwa anakwenda Sur, kukaa kando ya bahari mpaka baridi iishe. Mwezi wa tano, tende zikianza kugeuka rangi, alikuwa ametoka Sur anarudi Nizwa, kwenye shamba la shemeji yake, kukaa chini ya mitende msimu mzima wa kaidhi, joto la mavuno ya tende. Kila safari alilala kwetu siku mbili au tatu, ndani ya gari lake, kwenye uwanja ulio kati ya ukuta wa nyumba yetu na duka la Baba la matairi. Njia ambayo Baba aliimaliza kwa saa nne na chupa moja ya kahawa, yeye aliifanya siku sita au saba.

Tulimwita Mwalimu, hata sisi ambao hakutufundisha darasani. Mkewe tulimwita Bi Mwalimu. Watoto Mungu hakuwapa.

Habari za kuzaliwa kwake na babu zake naziacha. Huku kwetu watu huanza na hizo, na yeye ndiye aliyekuwa hazitaki. Siku ya kwanza alipofika, mzee mmoja wa mtaani alimkalisha akamwuliza wa wapi, wa kina nani, tawi gani. Mwalimu akamjibu vizuri kwa Kiarabu chake cha vitabuni, kisha akamgeukia Baba na kumnong'oneza kwa Kiswahili: "Huyu ananikaribisha kahawa au ananiandikia pasipoti?" Inatosha kusema alitoka Unguja na mkewe, wote vijana, mwaka ule wa mapinduzi watu walipotawanyika, wakahangaika huku na huku, wakaingia Omani miaka ya sabini. Akafundisha jiografia na Kiingereza katika skuli za mkoa wa Sharqiyah mpaka akastaafu. Alipostaafu wenzake walijenga. Yeye akanunua basi.

Lilikuwa basi dogo lililochoka kubeba wanafunzi. Aling'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele. Nyuma aliweka kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, katikati jiko la gesi la moto mmoja, juu ya paa tangi la maji ambalo mchana wa kiangazi lilitoa maji ya kuchemshia mayai. Madirishani Bi Mwalimu alitundika kanga zilizopauka. Watu wa mtaani waliliita beit il-ustadh, nyumba ya mwalimu, na neno hilo lilimuudhi kweli. "Hii si nyumba," alikuwa akisema, akiupiga mlango wa basi kwa kiganja. "Hii gari. Nyumba haina breki."

Aliliegesha kila mara pua ikitazama barabara. Ningali mtoto wa skuli nilimwuliza kwa nini asiliingize kwa mbele kama watu wote wanavyopaki. Akaanza na neno kwanza. "Kupaki! Nyie watu wa bara mna maneno! Gari huegeshwa, mwanangu." Sisi ni watu wa bara kweli, Baba alikulia Tabora, na Mwalimu hakutuacha tukasahau. Kisha akanijibu swali: "Msafiri hageuzi gari mbele ya watu. Siku ya kuondoka anaondoka." Na siku ya kuondoka alichukua fagio la makuti akaufagia uwanja wetu wote, alama za matairi, majivu, maganda ya ndimu, mpaka ukadhani hapakulala mtu. Mama alimwambia aache, wapo wa kufagia. Hakuacha. Mimi fagio lile lilikuwa likinikera kuliko nilivyoweza kueleza. Mtu amekula kwako, amecheka kwako, kisha anajifuta.

Nisije nikamchora mbaya. Alikuwa mtu wa watu. Katika barabara ya Sinaw hakuwahi kulipita gari lililokufa bila kusimama, na alikuwa na kamba, maji, na kopo la tende kwa ajili hiyo. Kule Nizwa alimfundisha Mbangali wa shambani kuandika barua kwa Kiingereza, miaka miwili mizima, kila baada ya alasiri, akitumia kijiti na mchanga. Mimi alinisahihishia insha zote za mwaka wa mwisho wa skuli. Alizikuta zinamsubiri mezani pamoja na barua zake, maana sanduku lake la posta lilikuwa la Baba. Niliposema nataka uuguzi na wajomba wakanuna, ni yeye aliyekaa nao barazani toka baada ya chakula cha mchana mpaka adhana ya alasiri, akawachekesha, akawatia aibu kidogo, wakakubali. Bila yeye leo nisingekuwa na kazi. Hilo nalijua, na ndilo lililonifunga mdomo baadaye.

Na kujua alijua. Ukimwuliza mto, mlima, nasaba ya neno, bei ya mbuzi soko la Adam, alikuwa na jibu. Lakini yeye hakumwuliza mtu. Njia akiikosa aliizunguka mpaka akaipata. Mara moja alikwenda karibu nusu ya njia ya Adam badala ya kurudi Mudhaibi, Bi Mwalimu kando yake anamwambia, "Simama tuulize," na yeye anamjibu lile neno lake maarufu: "Mwalimu haulizi, huulizwa." Tulilicheka sana neno hilo. Baba alilichukua akawa analitumia dukani.

Kioja chake kikubwa kilikuwa nyumba za watu. Yeye asiyekuwa na nyumba alikuwa bingwa wa kumjengesha mwenzake. Baba alikuwa na kiwanja alichopewa na serikali kando ya duka, miaka minne hakukigusa, akilalamika saruji ghali. Mwalimu akamshika. "Jenga, yakhe! Mtu bila nyumba mzigo wa wenziwe. Leo una nguvu, kesho una magoti." Akachukua karatasi ya hesabu ya skuli, akamchorea ramani: majilisi hapa, vyumba huku, jiko kubwa lenye dirisha linalotazama mashariki ili mpishi apate jua la asubuhi. Nyumba tuliyojenga ndiyo ile, na mimi jikoni mwa Mama nimepata jua hilo kila siku toka hapo.

Wakati anaichora, Bi Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi anachambua mchele. Mwalimu alipofika kwenye dirisha la jiko, mkewe aliuweka ungo chini akaingia ndani ya basi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaliona, nikaliacha.

Sasa lazima niseme habari ya sala, maana bila hiyo mtu huyu haeleweki.

Kila Mwislamu anajua kwamba msafiri hupunguza sala: adhuhuri, alasiri na isha, badala ya rakaa nne anasali mbili. Kwa madhehebu yetu sisi wengi wa huku, mtu haachi kuwa msafiri kwa sababu amekaa sana. Anaacha akishatia nia kwamba hapa ndipo kwangu, hapa ndipo watan yangu. Asipotia nia hiyo, akae miaka thelathini, anasali mbili. Na mke anamfuata mumewe: kwake mumewe ni kwake, na safari ya mumewe ni safari yake, isipokuwa kama aliwekewa sharti la makazi siku ya kuozwa.

Mwalimu hakuwahi kutia nia. Toka aliposhuka kwenye ndege miaka ya sabini, Ibra alikofundisha, Sur, Nizwa, popote, alisali mbili. Watan yake ilikuwa Unguja, basi.

Kwetu alikuwa mgeni na mtu mzima, kwa hiyo Baba alimtanguliza. Tulitandika mikeka uwanjani, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma: Mama, Bi Mwalimu, na mimi. Mwalimu alisalisha rakaa mbili, akatoa salamu, kisha akageuka nusu na kusema kwa upole sana: "Timizeni, sisi wasafiri." Ndivyo sunna ilivyo. Baba na kaka zangu waliinuka kukamilisha. Mama na mimi tuliinuka. Bi Mwalimu alibaki amekaa katikati yetu.

Hiyo ndiyo picha niliyo nayo ya mama huyo. Sisi tumesimama, kanga zetu zinamgusa mabega huku na huku, na yeye yuko chini anakunja na kukunjua pindo la mkeka, akisubiri tumalize. Alikuwa na macho ya mtu aliyefika harusini mapema mno. Na kila mwaka aliinuka kwa shida zaidi, maana magoti yalikuwa yamekwisha, halafu ukaja moyo.

Ugonjwa wa moyo niliugundua mimi. Nilikuwa nimeshaajiriwa kituo cha afya hapo hapo Mudhaibi, na mwaka mmoja, mwezi wa kumi, basi lilipofika niliona miguu yake imevimba mpaka viatu haviingii. Nikamvuta kituoni. Daktari akampima, akampeleka Ibra, Ibra wakampa dawa na neno moja: aonwe kila wiki mbili, mahali pamoja, na watu wale wale. Mwalimu akaitika. Na akatekeleza kwa njia yake: kila kituo cha njiani alimfungulia faili. Nizwa faili, Mudhaibi faili, Mintirib, Sur. Alizipanga tarehe kama ratiba ya skuli. Nilimwambia, "Mwalimu, ana mafaili manne, hana daktari mmoja." Akacheka. "Msafiri huyo, mwanangu. Dawa si anazo?"

Dawa alikuwa nazo, kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwenye kopo jingine, la samli, alikuwa na mrehani wake. Mumewe hakupenda mimea ndani ya gari, maana alisema mtu hapandi miti garini. Kwa hiyo Bi Mwalimu aliupakata mapajani njia nzima, kona kwa kona, kutoka Nizwa hadi Sur na kutoka Sur hadi Nizwa.

Siku moja nikimpima presha ndani ya basi, Mwalimu amekwenda dukani kwa Baba kubishana juu ya matairi, Bi Mwalimu aliniambia.

"Mwanangu, weye anakusikiliza. Hebu mwambie."

"Nimwambie nini, Bi Mwalimu?"

"Kiwanja cha serikali tunacho, Mintirib. Karatasi iko chini ya godoro hapo, nnailalia mwaka wa ishirini huu. Mie sitaki jumba. Nnataka jiko la kusimama, lenye dirisha. Na nnataka siku moja nisali nne nikiwa kwangu. Rakaa mbili tu zimebaki, jamani, nazo n'zikose?"

Nilimwuliza kwa nini hakuwekewa sharti la makazi. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Sharti la nini? Siku ile tulikuwa kwetu."

Nilikwenda kwa Mwalimu jioni ile ile. Alikuwa anaosha vioo vya basi. Nilijikaza, nikamwambia kama muuguzi: moyo wa mkeo hauwezi tena na barabara. Kisha, kwa kuwa sikujua kunyamaza, nikaongeza ya nyumba na ya sala.

Aliendelea kupangusa kioo kile kile kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata wakati ule hakukasirika. Alikuwa na hofu. Mtu mzima yule.

"Mwanangu," akasema, "mtu ana kwao kumoja tu. Mie nikisema leo hapa ndipo kwangu, kule kumekufa. Umenifahamu? Wametuchukulia nyumba, wametuchukulia watu. Kitu kimoja hawakuweza kuchukua, nia. Hiyo niitoe mwenyewe?"

"Lakini Bi Mwalimu..."

"Nnajua. Wallahi nnajua. Msimu ujao, inshallah, tutaona."

Nilimhurumia, na nilipolala nikamkasirikia, na asubuhi akafagia uwanja wakaondoka. Imamu wa msikiti wetu alikaa hatua mia moja kutoka kwetu. Ningeweza kwenda kumwuliza kama aliyoyasema Mwalimu ndivyo yalivyo. Halikunijia. Mimi nami nilikuwa mwanafunzi wake, na nilidhani alichosema kimeandikwa.

Msimu uliofuata Mwalimu hakuligusa la nyumba. Uliofuata tena, aliupunguza mwendo wa safari: badala ya siku saba, tisa, ili Bi Mwalimu apumzike. Alimnunulia feni ya betri. Alimtengenezea ngazi ya mbao yenye vidaraja vifupi. Akimpandisha alimshika kiuno kwa mikono miwili, na akimshusha alihesabu vidaraja kwa sauti ili asikosee. Alimpenda, hilo asiniulize mtu. Alimfanyia kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Walikuwa Mintirib, uwanjani kwa mama mmoja wa Kibedui aliyewapokea miaka yote, mchanga umeanza hapo hapo nyuma ya ukuta. Ilikuwa asubuhi. Bi Mwalimu alishakaa kiti cha mbele, kopo la mrehani mapajani, tayari kwa Sur. Mwalimu alikuwa anafagia. Alipomaliza, akaingia, akawasha gari, akatia gia, akamwambia bismillahi, naye hakuitika. Yule mama wa Kibedui alitusimulia kwamba Mwalimu aliizima injini, akaiwasha tena, akaizima, kama kwamba kosa lilikuwa kwenye gari.

Bi Mwalimu alizikwa siku hiyo hiyo, pale pale Mintirib, kabla ya alasiri. Mimi ni muuguzi na nitasema kweli: siwezi kuapa kwamba nyumba ingemponya. Moyo ule ulikuwa umechoka. Lakini angekufa jikoni kwake, dirisha wazi, naye anamgombeza mtu.

Lililotokea kwenye matanga alinisimulia Baba garini tulipokuwa tunarudi, na ilimbidi asimamishe gari kulimaliza.

Siku ya tatu, baada ya adhana ya adhuhuri, watu walimtanguliza Mwalimu kwa heshima ya msiba wake. Akasalisha mbili. Akageuka: "Timizeni, sisi wasafiri." Kwa mazoea alisema "sisi." Watu wakatimiza. Sheikh wa pale, kijana, mpole, alikaa karibu naye akamwuliza kama ana mji anaoukusudia. Mwalimu akamweleza yote, kwa urefu, jinsi alivyokuwa akieleza mambo darasani: kwamba watan yake ni Unguja, kwamba mtu akitia nia ya watan mpya ya kwanza inabatilika, na kwamba yeye hakuwa tayari kuibatilisha.

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ya ustadh, nani kakwambia? Mtu yajuzu kuwa na watan mbili. Na zaidi. Ya kale inabaki palepale, na mpya inaingia."

Mwalimu akamwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Imo vitabuni."

"Tangu lini?" akauliza tena.

Baba anasema yule kijana aliona haya, akataka kuleta kitabu. Mwalimu akamshika mkono asiende. Akakaa vile, amemshika mkono mtu asiyemjua, mpaka kahawa ikaja na kahawa ikapoa.

Baada ya hapo hakupita kwetu. Basi watu waliliona barabarani, Sur, Nizwa, Sur, likipita Mudhaibi bila kusimama. Barua zake zilirundikana kwenye droo ya Baba. Baba aliumia. Mimi nilifurahi, nikiri tu. Nilikuwa nimelitengeneza neno la kumwambia, nikawa nalinoa nikiwa kazini, nikiwa naosha vyombo, nikiwa nimesimama kwenye lile jua la dirishani alilotuchorea. Neno lenyewe lilikuwa fupi: "Si ungeuliza, Mwalimu?" Nilitaka nimwambie mbele ya watu.

Mwaka wa tatu akatuma mtu dukani: Baba aende Mintirib na pikapu, akachukue matairi yake. Baba hakuelewa. Nikamwambia twende wote, ni siku yangu ya mapumziko. Barua nilizitia kwenye mkoba.

Tulimkuta mchana, kwenye kile kiwanja cha karatasi ya chini ya godoro, si mbali na makaburi. Basi lilikuwa limesimama juu ya matofali, pua inatazama ukuta. Matairi manne yameegemezwa pembeni, yameoshwa. Kando ya basi palikuwa na jengo moja dogo jeupe, chumba kimoja tu. Nilidhani ni chumba chake cha kulala. Nikachungulia: lilikuwa jiko. Jiko la kusimama, sinki, rafu, dirisha linatazama mashariki. Halikuwa na sufuria hata moja. Mrehani ulikuwa umetolewa koponi ukapandwa chini ya dirisha, umekuwa kichaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa amepungua, kanzu inamzidi. "Umekuja na weye. Ahsante."

Baba akamwuliza analala wapi. Akaonyesha basi. "Chumba bado. Nimeanza na jiko."

"Na matairi, Mwalimu?" Baba akasema. "Mapya haya. Unayatoa kwa nini?"

"Yakiwepo nitaondoka. Nnajijua."

Nilikaa kwenye ile ngazi ya vidaraja vifupi na neno langu mdomoni. Nilingoja Baba asogee kidogo. Hapo adhana ya adhuhuri ikalia, na Mwalimu akaleta mikeka, ile ile ya zamani. Akaitandika kati ya basi na jiko, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Safari hii wasafiri tulikuwa sisi, Baba na mimi. Baba akamtanguliza kama zamani. Nikasimama peke yangu kwenye mkeka wa nyuma, na bila kufikiri nilikuwa nimesimama upande wangu, pembeni, nimeacha nafasi ya watu wawili. Rakaa ya kwanza. Rakaa ya pili. Tukakaa. Nilimwona Baba, kwa mazoea ya miaka kumi na tatu, ameanza kugeuza shingo kutoa salamu.

Mwalimu akasema "Allahu akbar", akainuka.

Aliinuka kwa shida, mkono mmoja umeegemea mkeka, goti moja kwanza kisha jingine, kama alivyokuwa akiinuka mkewe. Baba akabaki chini kidogo, kisha akamfuata. Nami nikainuka. Ukiwa nyuma ya mwenyeji unatimiza naye, kwa hiyo nikasali nne pale Mintirib, mimi msafiri, kwenye mkeka ambao yeye alikuwa akibaki amekaa.

Alipotoa salamu hakugeuka nusu kama zamani. Aligeuka mzima, akatazama nyuma. Hakunitazama mimi. Alitazama ile nafasi niliyoiacha kando yangu.

"Zilikuwa mbili tu," akasema. "Mbili tu, mwanangu."

Nilikuwa nimelibeba neno langu kutoka Mudhaibi, miaka mitatu nalinoa. Nikampa barua zake, nikaenda kumsaidia Baba kupakia matairi.